Namna ya Kupokea Habari ya Usajili Mkubwa wa Mtani

Msimu unapokwisha na dirisha kubwa la usajili kufunguliwa, huja asubuhi moja ambapo shabiki wa Simba au wa Yanga hapa Dodoma hufika kijiweni na kuwakuta watani wamemtangulia, wamevaa jezi siku ya kazi, wanamsubiri yeye tu. Habari imetoka usiku: upande wa pili umemtambulisha mchezaji mkubwa, kwa dau ambalo kila mmoja analitaja kwa kiasi chake. Mimi ni shabiki wa Simba, na habari za namna hiyo nimezipokea mara nyingi katika kijiwe kimoja cha kahawa karibu na soko la Majengo, nyingine nikazipokea vibaya sana. Maelezo haya nayaandika kwa ajili ya yeyote, awe wa Msimbazi, yaani Simba, au wa Jangwani, yaani Yanga, anayetaka asubuhi hiyo ipite bila kupoteza rafiki, fedha wala heshima ya neno lake.

Kabla ya kujibu lolote, hakikisha kwamba habari yenyewe ni ya kweli. Picha ya mchezaji akiwa uwanja wa ndege haitoshi, na sauti inayosambazwa kwenye makundi ya simu haitoshi kabisa. Tafuta tangazo lililotoka kwenye ukurasa rasmi wa klabu, ambamo mchezaji ameshika jezi au anazungumza mwenyewe. Hata hapo, tofautisha kutambulishwa na kuwa tayari kucheza, kwa sababu mchezaji anayetoka nje ya nchi ni lazima shirikisho la huko alikotoka litoe hati ya uhamisho wa kimataifa, ile ambayo wengi huiita ITC, kisha aidhinishwe na TFF, shirikisho letu la mpira wa miguu, na awe na kibali cha kufanya kazi nchini. Mtani akikuambia kwamba mchezaji wake atakufunga Jumamosi, una haki ya kumuuliza kwa upole kama hati imefika.

Likishathibitika hilo, lichambue dau, maana hapa ndipo vijiwe vingi hupotea njia. Fedha za usajili ni za aina tatu, nasi huzichanganya tukazifanya moja. Ya kwanza ni ada ya uhamisho, inayolipwa klabu anayotoka mchezaji ikiwa mkataba wake haujaisha. Ya pili ni fedha ya kusaini, anayopewa mchezaji mwenyewe. Ya tatu ni mshahara wa kila mwezi, ambao ndio hudumu na ndio huweza kuichosha klabu. Mchezaji aliyemaliza mkataba huondoka akiwa huru, klabu yake ya zamani haipati ada ya uhamisho hata shilingi moja, lakini bado anaweza kuwa ghali kuliko aliyenunuliwa, kwa kuwa fedha ambayo ingekwenda kwa klabu huielekeza kwenye mkono wake. Kwa hiyo mtu akitaja kiasi, muulize anazungumzia fedha ipi kati ya hizo tatu. Klabu zetu kwa kawaida hazitangazi takwimu hizo, na mara nyingi swali hilo moja hutosha kuutuliza mjadala uliokuwa umeanza kupandisha sauti.

Baada ya fedha, uliza juu ya mpira. Mchezaji huyu anacheza namba gani, na anayecheza namba hiyo sasa ataenda wapi? Amecheza mechi ngapi msimu uliopita, au alikuwa majeruhi? Uliza pia nani ataachwa, kwa sababu kanuni za misimu ya karibuni zimeziruhusu klabu za Ligi Kuu kusajili wachezaji wa kigeni wasiozidi 12, na kama idadi hiyo imekwishajaa, kila anayeingia anamtoa mwenzake. Katika sajili nyingi nilizofuatilia, aliyeachwa kimyakimya alikuwa na maana kubwa kama aliyetambulishwa kwa fataki, ingawa ni watu wachache waliomtaja.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi, nalo ni usajili wa mchezaji aliyekuwa wako. Mwanzoni mwa Julai 2024 Yanga walimtambulisha Clatous Chama, Mzambia tuliyempokea Simba mwaka 2018, ambaye Machi 2019 alifunga bao la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita lililotupeleka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Alikuwa amekwenda RS Berkane ya Morocco mwaka 2021 na kurejea kwetu Januari 2022, na sisi tulishazoea kuamini kwamba popote aendapo atarudi nyumbani. Mkataba ulipoisha, akavuka barabara.

Mzee anayeuza kahawa kijiweni petu ana daftari la madeni, lenye jalada la bluu lililofifia, na kurasa zake za nyuma amewaachia wateja waandike utabiri wao pamoja na tarehe. Asubuhi ile nilifika nikiwa na hasira. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaniitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekuja kunywa au umekuja kuandika?" Nikaichukua kalamu, nikaandika kwamba Yanga hawatachukua ubingwa wakiwa na Chama, nikatia sahihi chini yake. Mkono ulitetemeka kiasi kwamba herufi za mwisho zilipanda juu ya mstari. Watani waliokuwepo hawakucheka. Walisoma, wakamrudishia mzee daftari lake. Juni 2025 Yanga walitufunga mabao 2-0 katika mechi iliyoamua bingwa, na kesho yake daftari lilifunguliwa ukurasa uleule, nikaombwa kwa adabu nisome kwa sauti. Nilisoma.

Kutokana na siku hiyo nakuelekeza hivi: aliyekuwa wako akihamia kwa mtani, usitoe utabiri wowote ndani ya wiki ya kwanza. Sema unachokijua kwa hakika, kwamba alikupa furaha fulani mwaka fulani, na kwamba sasa ni wa kwao. Usiichome jezi yenye jina lake, kwa kuwa mafanikio yaliyopatikana ndani ya jezi ile ni ya klabu yako na hayahami. Wala usimtukane mama yake, nchi yake au rangi yake. Utani wetu una mipaka, na aliyevuka mpaka huo hana tena haki ya kujitetea kwamba alikuwa anatania. Mchezaji ni mfanyakazi, na mkataba wake una tarehe ya mwisho kama wa mwalimu au wa dereva. Chama mwenyewe alimaliza msimu mmoja Jangwani, na mwaka 2025 akajiunga na Singida Black Stars, majirani zetu hapa hapa kanda ya kati, na watu wawili waliokuwa wamekosana kijiweni kwa ajili yake wakabaki wamekosana bila sababu.

Msimu huohuo umenifunza kutazama upande wangu kabla ya kuutazama wa mtani. Wakati sisi tukimlilia aliyeondoka, Simba ilikuwa imemleta Jean Charles Ahoua kutoka Ivory Coast, ambaye pale kijiweni hatukumpa nusu ya muda tuliompa Chama, naye akamaliza ligi akiwa mfungaji bora kwa mabao 16. Kwa Yanga nako, aliyeongoza kwa mabao alikuwa Clement Mzize, kijana aliyekulia katika timu yao ya vijana, kwa mabao 14. Kwa hiyo mtani anapotamba na jina kubwa, ipitie orodha ya klabu yako jina kwa jina, na uwe na mchezaji mmoja wa kwako unayeweza kumweleza kwa undani, namba anayocheza na anachokifanya vizuri.

Kijiweni penyewe, fika mapema na utangulie wewe kuitaja habari. Wasalimie wote kwanza, na kama kuna wazee wa Kigogo, waambie "Mbukwenyi" kabla hujaketi, kwa sababu aliyesalimiwa vizuri ni vigumu kumshambulia aliyemsalimia. Kisha sema: "Hongereni watani, mmepata mchezaji. Tutamwona uwanjani." Usiongeze neno. Wakikuchokoza, rudia maneno hayohayo kwa sauti ileile. Aliye mdogo kwako usimjibu kwa ukali mbele ya wakubwa, na aliye mkubwa kwako mpe nafasi amalize. Usikubali kuweka fedha dhidi ya mchezaji ambaye hujamwona akicheza, iwe kwa rafiki au kwenye vibanda vya kubeti. Nimemwona dereva wa bodaboda akikosa marejesho ya pikipiki yake ya wiki nzima kwa ajili ya ubishi wa namna hiyo.

Halafu mpe mchezaji muda, walau mechi 10 za ligi, kabla ya kumwita bora au kumwita hasara. Wanaofuatilia ligi ya Uingereza wanamkumbuka Fernando Torres, aliyeondoka Liverpool Januari 2011 kwenda Chelsea kwa pauni milioni 50 na kufunga bao moja tu la ligi hadi msimu ule ulipokwisha. Mashabiki wa Liverpool waliridhika, lakini Aprili 2012 alifunga pale Barcelona katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, na mwezi uliofuata Chelsea wakawa mabingwa. Nami najizuia kutoa hukumu ya haraka hata pale ambapo hukumu hiyo ingenifurahisha.

Ikiwa inawezekana, mwone kwa macho yako. Dodoma Jiji wanapowakaribisha vigogo katika Uwanja wa Jamhuri, huo ni mwendo wa miguu kutoka Majengo, na tiketi ya mzunguko, yaani ya majukwaa ya kawaida, inakutosha. Keti mahali utakapoona upande anaocheza, na kwa dakika 20 za mwanzo usiufuate mpira, mfuate yeye. Tazama anafanya nini timu yake inapopoteza mpira, kama anarudi kukaba au anasimama mikono kiunoni. Tazama kama wenzake wanamtafuta kwa pasi au wanamkwepa, na kama kabla ya kupokea anageuza kichwa kuangalia nyuma yake. Mambo hayo kibanda umiza, kile cha kutazamia mechi kwenye televisheni kwa kulipia, hakikuonyeshi, kwa kuwa kamera hufuata mpira. Mechi ikiisha, kabla hujakutana na mtani yeyote, andika mambo mawili aliyoyafanya vizuri na moja aliloshindwa, pamoja na dakika zake. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kesho yake asubuhi kwenye kahawa.