Kufunga shawa yenye miksa ya kuzika ukutani

Miksa ya kuzika, yaani kifaa cha kuchanganya maji ya moto na ya baridi kinachofichwa ukutani, hupendwa kwa kuwa nje hubaki sahani ya kufunika na mkono wa kufungulia tu. Kinachowaponza wengi ni kina: miksa ikizama au ikitokeza kupita kiasi, dawa yake ni kuvunja vigae. Kwa hiyo kina pimia kutoka uso wa kigae kilichokwisha kubandikwa, na kimo kutoka sakafu iliyokamilika.

1. Piga hesabu ya unene

Kwa ukuta wa tofali: plasta mm 15, gundi mm 5, kigae mm 9. Uso wa mwisho utakaa mm 29 mbele ya tofali. Mwili wa miksa huja na kifuniko cha plastiki chenye alama mbili za kina, cha chini na cha juu. Uso wa kigae lazima uangukie kati ya hizo mbili, na ni salama kulenga katikati, maana plasta hailingani kila mahali.

Chukua kipande cha mbao cha mm 20, weka kigae chenyewe juu yake, kisha kiegemeze kwenye tofali kando ya miksa kabla hujaikaza. Utaona mara moja kigae kinaishia wapi. Miksa ikizama mno, skrubu za sahani hazifiki. Ikitokeza, sahani haikai bapa na maji hupenya nyuma yake.

2. Andaa ukuta

Mtaro wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi moja ya sita. Kwa tofali la sm 15 hiyo ni sm 5 na sm 2.5, ndiyo maana mabomba huteremshwa au hupandishwa wima. Kata kingo kwa grenda ndipo utindue; ukianza na tindo, tofali hupasuka.

Kama ukuta ni wa fremu, weka nguzo kila sm 40 na ubao wa mlalo nyuma ya miksa na nyuma ya kona ya shawa (kiungo cha pembe ambapo bomba la shawa hutokea ukutani), la sivyo bomba litacheza kila mtu anapogusa mkono wa miksa. Juu yake funga bodi ya saruji ya mm 12 kwa skrubu zisizoshika kutu, kila sm 20, ukiacha nafasi ya mm 3 kati ya bodi na bodi. Bodi ya jipsamu ya kawaida usiiweke hapa hata kidogo.

3. Mabomba

Kimo cha miksa kiwe sm 110, cha kona ya shawa sm 210. Maji ya moto kushoto, ya baridi kulia. Ukigeuza, miksa inayojirekebisha joto haitafanya kazi.

Kwa bomba la PPR (plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa) la mm 20, mashine ya kuyeyushia iwe nyuzi joto 260 za Selsiasi. Weka alama mm 14 kutoka ncha, pasha bomba na kiungo sekunde 5, sukuma moja kwa moja bila kuzungusha, kisha uache dakika 2. Ukipasha zaidi au ukisukuma kupita alama, plastiki hujikunja ndani na kubana tundu. Baadaye shawa hutoa maji kidogo, na lawama huenda kwa pampu.

Kwenye nyuzi za skrubu za viungo vya shaba zungusha tepu nyeupe ya kuzuia uvujaji kufuata upande wa kukazia, mizunguko 8 hadi 12. Ukirundika tepu, kiungo cha kike (chenye nyuzi ndani) hupasuka. Yunioni, yaani viungo vya kufungulika, usizizike ukutani.

4. Safisha, kisha pima presha

Kabla ya kuweka kartriji (kiini cha miksa kinachofungua na kufunga maji), fungua maji yapite hadi yatoke safi. Chembe moja ya mchanga hukwaruza sahani za kauri zilizo ndani ya kartriji, na miksa mpya huanza kudondosha.

Ziba ncha zote, tenga hita, na upandishe presha hadi mara 1.5 ya presha ya kazi bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji. PPR hutanuka kidogo mwanzoni, hivyo sindano ya geji ya presha kushuka mara ya kwanza si ajabu. Pandisha tena, subiri dakika 30. Ikiendelea kushuka, kuna uvujaji, usipige plasta.

5. Zuia maji

Piga dawa ya kuzuia maji tabaka mbili, la pili likikatiza la kwanza. Pembe zitiwe utepe wake, na kila bomba linalotokeza livalishwe mpira wake. Sakafu iteremke sm 2 kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji. Dawa ikikauka, ziba tundu, jaza maji na uache saa 24.

6. Vigae na sahani

Tundu la kigae liwe dogo kuliko sahani kila upande. Pembe za ndani zijazwe silikoni badala ya grauti (saruji ya kujazia kati ya vigae), kwa kuwa kuta husogea na grauti hupasuka. Sahani nayo ipigwe silikoni juu na pembeni. Upande wa chini uache wazi, ili kiungo kikivuja nyuma yake maji yatokee hapo uyaone mapema.