Kabla ya Kununua Mbwa wa Kuswaga Mifugo

Mfugaji wa Arusha au Moshi anayefikiria kununua mbwa wa aina ya Border Collie yampasa kwanza ajiulize ana kazi gani ya kumpa, kwa maana mbwa huyu, aliyezalishwa kwa vizazi vingi katika vilima vya mpakani mwa Uingereza na Uskoti ili kuswaga kondoo, hawezi kukaa bure. Mwenye kondoo na mbuzi wanaochungwa katika tambarare za Monduli au Longido anayo kazi hiyo. Katika kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, cha Kibosho au Marangu, ambako ng'ombe hukatiwa majani na kulishwa bandani, haipo. Huko, kwa maoni yangu, mbwa wa kienyeji anayelinda nyumba usiku na kulala mchana anatosha kabisa.

Mbwa huyu haswagi kwa kubweka, bali huinama, hunyata na kumkazia mnyama macho hadi asogee. Akikosa kondoo, silika hiyo huielekeza kwa kuku, kwa watoto wanaokimbia na kwa bodaboda zinazopita, na pengine akauma visigino. Kumfunga mnyororo kutwa nzima huzidisha tabia hiyo. Akimbizwe asubuhi na jioni, jua likiwa dogo, hasa Moshi ambako joto ni kali kuliko Arusha, na afundishwe kwa muda mfupi kila siku kuja anapoitwa, kulala chini na kusimama hata akiwa mbioni. Asiachiwe kundi kabla hajaimudu amri ya kusimama.

Ivermektini, dawa ya minyoo, ya sindano ya ng'ombe asichomwe kwa kukadiria. Baadhi ya mbwa wa jamii ya Collie wana kasoro ya kurithi inayoiacha dawa hiyo ipenye hadi kwenye ubongo, wakatetemeka, wakapofuka, hata wakafa. Daktari wa mifugo ndiye wa kuamua dawa na kipimo. Wala asitupiwe maini na mapafu mabichi ya kondoo waliochinjwa nyumbani, kwani vifuko vya maji vilivyomo humwambukiza tegu mdogo, ambaye mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kumsababishia binadamu uvimbe wa ini au mapafu. Viungo hivyo vichomwe moto au vifukiwe chini sana.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akiwa na miezi 3, kisha irudiwe kila mwaka. Manyoya yake ya tabaka mbili yasinyolewe, ila yachanwe, na kila arudipo kutoka malishoni akaguliwe kupe masikioni na katikati ya vidole.