Namna ya Kuufanya Mtaa Uwe Safi kwa Kufuata Mfano wa Miji Iliyofaulu

Kamati nyingi za usafi huanza kwa kununua mafagio, ilhali katika miji inayosifiwa kwa usafi kazi kubwa ilifanyika mlangoni mwa nyumba, kwa kuamua taka zitoke saa ngapi, zikabidhiwe kwa nani na zilipiwe vipi. Kabla ya kuchangisha fedha yoyote, fuatilieni kwa wiki nzima taka za mtaa wenu tangu jikoni hadi dampo, mkiandika mahali zinapokwama: mtaroni, kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe, au nyuma ya soko. Mtaona kwamba sehemu kubwa ni maganda na mabaki ya chakula. Hayo yatengwe kwanza, yawe mboji au chakula cha mifugo, kwa maana ndiyo yanayonuka na kuvuta inzi.

Hatua ya pili ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni ratiba. Mji wa Taipei, ambao uliwahi kuelemewa na marundo ya taka, uliweka kanuni katika miaka ya 1990 kwamba taka zisiguse ardhi. Vizimba viliondolewa barabarani, na badala yake gari la taka hupita kwa saa zinazojulikana, siku tano kwa wiki, likipiga muziki, mara nyingi wa Beethoven, na wakazi hushuka na mifuko yao na kuitia garini kwa mikono yao wenyewe. Nyuma yake hufuata gari la kupokea vitu vya kurejelezwa. Mtaa usio na lori unaweza kufanya hivyo hivyo kwa guta au mkokoteni, mradi saa iliyochaguliwa iwe ile ambayo watu wengi wako nyumbani na mlio wake usifanane na wa muuza aiskrimu. Mzoaji asipotokea mara mbili mfululizo, wakazi watarudi mtaroni, na sioni haki ya kuwalaumu.

Ada ifuate huduma, isiitangulie. Zürich tangu mwaka 1993, na Taipei tangu mwaka 2000, huwatoza wakazi kupitia mifuko maalumu ambayo bei yake imebeba gharama ya uzoaji. Anayezalisha taka nyingi hununua mifuko mingi, ilhali chupa na karatasi zilizotengwa hupokelewa bila malipo ya mfuko. Utaratibu huo una mantiki, lakini singeshauri uanze nao mahali ambapo kipato ni kidogo na usiku hauna taa, kwa kuwa atakayeshindwa kununua mfuko atautafuta mto. Anzeni na ada moja ndogo kwa kila kaya, yenye stakabadhi, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kila mwezi.

Kuhusu kazi ya pamoja, wengi hutaja umuganda wa Rwanda, unaofanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Tanzania nayo imeitenga siku hiyo kwa usafi. Kinachosahaulika ni kwamba baada ya umuganda wakazi huketi kikao na kujadili mambo ya mtaa wao, na kwamba barabara za Kigali zina wafagiaji wanaolipwa ambao hufanya kazi siku nyingine zote. Aidha, Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, hivyo sehemu ya uchafu huzuiwa kabla haijafika barabarani. Igeni kikao hicho, na wafagiaji walipwe kutoka kwenye ada ile ile, wakiwa na glavu na buti.

Faini ziwe za mwisho. Singapore, inayojulikana kwa ukali wake, ilianza mwaka 1968 kwa kampeni ya kuhimiza usafi, na amri ya kuwafagiza hadharani wanaotupa taka ovyo ilikuja mwaka 1992, mji ukiwa tayari na uzoaji wa uhakika. Kwa hiyo, pelekeni pendekezo la sheria ndogo kwenye halmashauri baada ya miezi kadhaa ambayo mzoaji hajakosa zamu yake, na kiwango cha faini kisomwe kwanza katika mkutano wa mtaa.