Cheni ya taimingi: lini ibadilishwe na lini iachwe

Gari likikaribia kilomita 100,000, mwenye gari huambiwa gereji kuwa muda wa taimingi umefika, yaani abadilishe mkanda au cheni inayounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (shafti zinazofungua vali). Kwa injini za mkanda ni kweli. Injini za Toyota za 5A, 3S, 5L ya Hiace na 1KZ, na hata EJ20 ya Subaru, zina mkanda wa mpira ambao hukatika bila kutoa taarifa, kwa hiyo kilomita ndizo zinazoamua. Injini ya cheni haiendi hivyo. Kwenye 1NZ-FE, injini ya Toyota iliyomo kwenye Probox, IST na Premio nyingi za cc 1500, ratiba ya matengenezo haina kilomita za kubadilisha cheni. Inabadilishwa ikichoka, na jinsi inavyochoka haraka au polepole hutegemea zaidi oili. Na kwa gari lililotumika, kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi zenyewe si za kuaminika sana.

Mafundi husema cheni imerefuka, lakini chuma chenyewe hakijavutika. Kinacholika ni pini na bushi katika kila kiungo. Kiungo kimoja hulika kidogo mno, ila viungo vyote vikijumlishwa cheni inakuwa na milimita za ziada, na kemshafti zinaanza kuchelewa nyuma ya krenki. Kikaza cheni husukumwa na presha ya oili ili kufidia ulegevu huo, mpaka kinafika mwisho wa mwendo wake. Oili iliyopitiliza muda imejaa masizi yanayosaga pini kama msasa. Oili ikipungua, kikaza kinakosa presha, na cheni inaanza kupiga reli za plastiki zinazoiongoza.

Sikiliza asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Mlio wa kukwaruza wa sekunde moja au mbili kisha kimya maana yake, mara nyingi, oili ilikuwa imetoka kwenye kikaza. Pima oili kwanza, kisha angalia filta: filta ya bei ya kutupa huwa haina kilango kizuri cha kuzuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Mlio huo usikupeleke kufungua injini. Mlio ukiendelea baada ya injini kupata moto, ukasikika ikinguruma taratibu na ukaongezeka unapoachia pedali ya mafuta, hapo shaka ni ya cheni, kikaza au reli. Sikilizia upande wa mikanda ya nje kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye kava la cheni na mpini sikioni.

Kabla hujaamini sikio, toa mkanda wa nje na uwashe injini kwa sekunde zisizozidi 30. Mlio ukipotea, tatizo ni beringi ya alteneta, pampu ya maji au puli, na cheni haina kosa. Jaribio hili halina gharama, na cheni nyingi zimebadilishwa bure kwa sababu halikufanywa.

Taa ya injini nayo ina lake la kusema. Ikiwaka, kompyuta ya gari huhifadhi kodi, yaani namba ya hitilafu inayosomwa kwa mashine ya uchunguzi. Kodi P0016 inasema kemshafti na krenki hazilingani. P0011 na P0012 zinasema kemshafti imetangulia au imechelewa kuliko ilivyoamriwa, na hizi mbili mara nyingi hutokana na oili chafu au vali ya oili ya VVT-i (mfumo wa Toyota unaosogeza kemshafti mbele au nyuma kwa presha ya oili) iliyoziba. Safisha vali hiyo na kichujio chake kidogo, badilisha oili, futa kodi, kisha endesha. P0016 ikirudi pamoja na mlio, fungua. Kwa X-Trail T30 yenye QR20, injini inayojulikana kwa kulegeza cheni, uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu sensa za kemshafti na krenki nazo huharibika na dalili zinafanana. Pima sensa kwanza.

Jambo moja lisilo na mjadala: 1NZ ni injini ambayo cheni ikiruka meno, pistoni hugonga vali. Gari linalopiga kelele ya cheni mfululizo livutwe hadi gereji, lisiendeshwe.

Ukifungua kava la tapeti, lile la juu ya injini, unaona cheni kati ya gia mbili za kemshafti, lakini ulegevu wa hapo hautoshi kutoa hukumu injini ikiwa imezimwa, maana kikaza hakina presha. Hukumu inatolewa kava la mbele likishatoka. Tazama kikaza kimetokeza kiasi gani. Pima mifereji iliyochimbwa kwenye reli. Ikizidi milimita 1.0, reli imekwisha. Ning'iniza cheni ya zamani na mpya kwenye msumari mmoja, ulinganishe urefu. Shusha na sampu, beseni la oili la chini ya injini, pia: vipande vya plastiki vilivyovunjika huishia kwenye chujio la pampu ya oili na kuua injini yenye cheni mpya kabisa.

Usibadilishe cheni peke yake. Nunua seti: cheni, kikaza, reli zote mbili, gia ya krenki na gia ya kemshafti ya ekzosi. Gia ya VVT-i ni ghali. Ikague meno na uone kama inajifunga vizuri, kwa sababu ikilegea nayo hulia wakati wa kuwasha. Ongeza sili ya krenki, gasketi ya kava la tapeti, silikoni nyeusi ya injini, kulanti, filta na lita 3.7 za oili 5W-30. Cheni na kikaza vilivyotumika, hata vikiitwa vya Japani, usivinunue.

Kazi yenyewe: shikilia injini kwa jeki yenye ubao chini ya sampu, toa maunti ya kulia (kishikio cha injini), mkanda, pampu ya maji na puli ya krenki. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa mkono bila kupinga. Weka pistoni ya kwanza juu kabisa na alama za gia mahali pake kabla ya kulegeza kikaza. Cheni ikishatoka, usizungushe chochote. Funga cheni mpya pingili zenye rangi zikikaa kwenye alama za gia, achia kikaza, kisha zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili upande wa saa. Alama za gia lazima zirudi. Pingili zenye rangi hazitarudi mahali pake, na hilo ni sawa. Fundi asiyelijua hufungua tena kazi iliyokuwa sahihi. Ukihisi kizuizi kigumu, simama, usilazimishe.

Kava la mbele la 1NZ limebeba pampu ya oili, kwa hiyo futa silikoni ya zamani yote na upake mpya kwa uzi mwembamba. Inayozidi humwagikia ndani na kuziba njia za oili. Boliti ya puli ya krenki ikazwe Nm 128 kwa spana yenye kipimo.

Chomoa koili na soketi za sindano za petroli, kisha piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe. Kelele ya sekunde chache mara ya kwanza ni kikaza kinachojaa. Mwaga oili hiyo baada ya kilomita 1,000, kisha rudi kwenye kila kilomita 5,000, na pima kijiti cha oili kila unapojaza tangi.