Lala Kwanza: Namna ya Kuishi kwenye Boti ya Mashindano, Cape Town hadi Rio

Ukipata nafasi kwenye boti ya kwenda Rio, usianze na mafundo ya kamba. Hayo utafunzwa na mkono utayazoea. Anza kujifunza kulala. Nimekulia Lamu kwenye madau, na mashindano yetu ni ya saa chache tu. Baharia aliyekesha usiku bado anaweza kushinda. Mbio za Cape Town hadi Rio de Janeiro, zilizoanza 1971, ni mambo mengine. Ni karibu maili 3,300 za baharini kwa mstari ulionyooka, na hakuna anayenyoosha, kwa sababu katikati ya Atlantiki ya Kusini pana eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa. Ukiingia humo unakutana na shwari, na tanga linaning'inia. Kwa hiyo tunapanda kaskazini kwanza, tukitafuta upepo wa kusini-mashariki, ule ule mwelekeo wa kusi tunayoijua sisi, kisha tunashika magharibi. Boti kubwa za kasi humaliza chini ya wiki mbili, ndogo hufika wiki tatu na zaidi. Aliyekosa usingizi siku ya tano ndiye atakayekosea siku ya kumi.

Mabaharia hugawanywa makundi mawili. Mpango ninaoupendekeza ni zamu mbili za mchana, kila moja ya saa sita, na tatu za usiku, kila moja ya saa nne. Jumla ni zamu tano, na kwa kuwa tano haigawanyiki kwa mbili, zamu ya usiku wa manane uliyoishika leo kesho itashikwa na wenzako. Hakuna kundi linalobebeshwa giza peke yake, na jambo hilo linazuia manung'uniko mengi.

Ukishuka zamu, vua nguo za mvua pale pale kwenye ngazi. Kunywa maji, kula, nenda chooni, ulale. Usikae kupiga soga. Katika saa nne, ukifanya haraka sana, utalala tatu. Kitanda ni turubai lililofungwa kwenye bomba, na upande mmoja huinuliwa kwa kamba na kapi: chombo kikiinama, vuta kamba mpaka mgongo ulale sawa. Watu wawili hupokezana kitanda hicho hicho, basi kila mtu awe na mfuko wake wa kulalia. Elekeza miguu omo, yaani mbele ya chombo. Boti ikipiga wimbi na kusita ghafla, afadhali magoti yajikunje kuliko kichwa kugonga ukuta.

Na utaamshwa kabla ya wakati. Boti ikigeuzwa upande mwingine wa upepo, kila kizito, kanuni za mbio zikiruhusu, huhamishiwa upande wa joshi, unakotoka upepo, ili chombo kisiiname mno: matanga yaliyokunjwa, mifuko ya chakula, na wewe uliyelala. Hama bila maneno, ulale tena.

Kuamsha mwenzako kuna utaratibu wake, nami ni mkali sana juu ya hili. Nenda dakika 20 kabla ya zamu yake, na kama ni usiku wa baridi, nusu saa kabla. Mguse bega, mwite jina lake. Mwambie mambo matatu: upepo ukoje, maji yanaingia sitahani au la, na avae nini. Usiondoke mpaka amekujibu kwa maneno na kuketi, maana mtu huitikia "naam" akiwa bado usingizini. Tumia taa nyekundu tu. Taa nyeupe itayafanya macho yake yahitaji karibu nusu saa kuzoea giza. Naye awe juu dakika tano kabla. Anayechelewa anamwibia mwenzake usingizi. Mshika usukani asiachie mpaka mpokeaji amesimama nyuma yake, ameambiwa nyuzi za dira, ameonyeshwa taa za meli yoyote iliyo karibu, na ameuhisi mwendo wa mawimbi miguuni.

Kulabu ya mkanda wa usalama ipachike ukiwa bado ndani ya mlango, kabla hujakanyaga sitaha. Boti inayokwenda noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa, hukimbia zaidi ya mita 300 kwa dakika moja. Usiku, mtu aliye majini mita 300 nyuma ni kichwa tu kati ya mawimbi. Hata ukitoka kwenda kutapika, pachika.

Kutapika kwenyewe kusikutie haya. Ukitoka Cape Town bahari ni baridi na mara nyingi imechafuka. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kung'oa nanga, kwa ushauri wa daktari, kwa sababu tumbo likishaanza haliishiki tena. Kaa juu, tazama upeo wa macho, omba usukani.

Chakula ni kile kilichokaushwa: unamwagia maji ya moto, unasubiri dakika kama 10, unakula kwa kijiko kwenye bakuli lenye kina. Baada ya wiki moja ladha zote huwa moja. Chukua pilipili yako na ndimu. Maji hutolewa na mtambo unaochuja chumvi ya bahari, na ukiharibika ipo akiba ya kwenye madumu, basi usiyachezee. Lakini kunywa, asiyekunywa ndiye wa kwanza kuumwa kichwa.

Ngozi ichunge tangu siku ya kwanza. Chumvi na nguo mbichi huchubua makalio na viwiko, na kidonda hakikauki. Jifute kwa vitambaa vyenye maji kila utokapo zamu, paka mafuta ya zinki, vaa nguo kavu ya kulalia ambayo haipandi sitahani kamwe.

Mkikaribia rasi ya Cabo Frio, watu wote watataka kukesha juu waone Brazili. Nahodha asikubali. Eneo hilo lina mitambo ya mafuta, wavuvi na meli za mizigo, na upepo unaweza kulegea kabisa kabla ya mstari wa mwisho. Zamu ziendelee vile vile, na wasio na zamu washuke kulala.