Umeshafika 50 na ndo kwanza muziki wa metali kali umekuingia? Anza hivi

Mi ni fundi redio, nina miaka 54, metali nimeanza kuisikiliza nikiwa na 47. Mteja alileta amplifaya imeungua chaneli moja pamoja na CD pleya yake, na ndani ya pleya kasahau CD, basi nilivyobadilisha transista nikatumia hiyo hiyo kutesti. Ilikuwa albamu ya Human ya bendi ya Death, ya mwaka 1991. Mara ya kwanza nikasikia makelele tu, nikairudia kwa sababu nlikuwa natafuta mkwaruzo spika ya kushoto, mara ya tatu mkwaruzo umeshaisha na mi bado nimekaa palepale nasikiliza. Tangu hapo nakusanya, na wenzangu wa umri huu wananiuliza waanzie wapi.

Hatua ya kwanza, muimbaji muache kwanza. Wengi tunaishia hapo, unasikia mtu anaunguruma unazima. Lakini kama we umekulia kwenye dansi, Sikinde na Msondo, unajua ikifika chemko solo linaenda kwake, rizimu kwake, besi kwake, na unaweza kukamata chombo kimoja ukakifuata mpaka wimbo unaisha. Sikio hilo hilo ndo la kutumia huku. Kwenye hiyo Human kuna wimbo wa Cosmic Sea, hauna muimbaji kabisa, anza nao, fuata dramu za Sean Reinert peke yake, mkono wa kulia unavyotembea taratibu juu ya sahani huku miguu miwili inakimbia chini. Siku ya pili fuata magitaa. Ukirudi kwenye nyimbo zenye sauti utakuta ule muungurumo umekaa kwenye nafasi yake kama chombo kingine.

Hatua ya pili, na hii ndo naipenda zaidi, usifuate orodha za bendi bora mia, fuata studio. Mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 studio ya Morrisound kule Tampa, Florida, walipita Death, Morbid Angel, Obituary, Deicide, ukisikiliza kwa mpangilio unaanza kusikia chumba kimoja, yani dramu kavu, kila pigo linasikika. Afu hamia Stockholm, Sweden, Sunlight Studio, albamu ya Left Hand Path ya Entombed ya 1990. Pale walitumia pedali ya Boss HM-2, kile kiboksi cha kukanyaga cha kubadili sauti ya gitaa, ina vya kuzungusha vinne tu, wakavifungulia vyote mpaka mwisho. Kifundi ni kwamba wimbi linakatwa kichwa afu zile sauti za kati zinapandishwa juu, ndo maana gitaa linatoka kama msumeno unapita kwenye ubao wa mninga. Ukishaijua sauti hiyo huwezi kuisahau, hata bendi ya juzi ukisikia utasema hii ni ya Stockholm. Ukifika Norway, A Blaze in the Northern Sky ya Darkthrone, 1992, sauti ni nyembamba na ya baridi, usianze kugusa spika zako, walitaka iwe hivyo.

Na huku kwetu pia ipo. Bendi ya Duma ya Nairobi walitoa albamu yao 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kali kweli kweli. Botswana kuna Overthrust wa Ghanzi.

Kabla hujanunua soma mashairi na historia ya bendi. Kwenye blaki metali, aina ya hao Darkthrone, kuna waliochoma makanisa na kuna wenye chuki za rangi, mi hao siwaweki ndani kwangu. Tovuti ya Encyclopaedia Metallum ina karibu kila bendi, nani kapiga nini na kahamia wapi.

Kununua sasa. Kwenye tovuti ya Bandcamp lipa kwa kadi, unapakua faili la FLAC, lisilopunguza ubora wa sauti, na unaweza kusikiliza kwanza. CD zilizotumika zipo Discogs, tovuti ya kuuziana na kuorodhesha rekodi, na hapa kuwa makini, nimeshalipia toleo la kwanza la 1990 ikaja CD ya kuchoma na kompyuta, kava limetolewa kopi. Igeuze chini kwenye mwanga: CD ya kiwandani ina rangi ya fedha, ya kuchoma mara nyingi inavuta kijani au bluu. Afu angalia duara la ndani karibu na tundu, kuna namba imechapwa, mwambie muuzaji aipige picha uilinganishe na zilizoandikwa Discogs. Akikataa, achana nae, CD nyingine itakuja.

Masikio yetu sio ya kijana tena. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema desibeli 80 mwisho masaa 40 kwa wiki, ukipandisha zaidi masaa yanashuka haraka sana. Pakua programu ya kupima sauti kwenye simu, weka pale unapokaa, sio mbele ya spika.

Mwisho ni kutunza. Dar joto na unyevu vinamaliza vitabu vya ndani ya CD, kurasa zinagandana ukizivuta wino unabaki upande wa pili. Usipange rafu kwenye ukuta wa bafu, na vile vipakiti vya chembechembe vya kwenye maboksi ya viatu usivitupe, weka viwili kila boksi na ubadilishe masika yakianza.