Kodi ya wiki kuwa ya mwezi: usizidishe kwa nne

Mimi ni dalali wa vyumba hapa Tanga. Najua mnavyotusema, na mengine ni kweli, lakini hesabu hii nimeifanyia watu wengi kiasi kwamba naweza kuiandika usiku umeme ukiwa umekatika. Ni ya mpangaji anayelipa kila wiki na sasa anataka alipe mara moja kwa mwezi.

Vyumba vya wiki kwetu vipo, hasa vile vyenye kitanda na godoro tayari. Wenyewe tunasema Tanga ni waja leo waondoka leo, na hao waja leo ndio wateja wa vyumba hivyo: vibarua wa bandarini, wafanyabiashara wa kutoka Pemba, mafundi waliofuata kazi ya bomba la mafuta kule Chongoleani. Mtu anaingia kwa wiki mbili, anajikuta kamaliza mwaka. Akishapata mshahara wa mwezi, kulipa kila Jumamosi kunakuwa kero, na kama analipa kwa simu, makato ya kutuma anayabeba mara nne au tano badala ya mara moja.

Hatua ya kwanza: jua kodi yako ya wiki imebeba nini

Kabla ya kugusa kikokotoo, andika kwenye karatasi vitu vilivyomo ndani ya ile hela: maji, umeme, kitanda, kufagiwa uwanja, choo cha pamoja au chako. Chumba cha wiki mara nyingi huja na umeme ndani yake. Chumba cha mwezi mara nyingi unachangia LUKU na wenzako. Ukikubali "mwezi" bila kutaja umeme, utashangaa kodi imebaki ileile na bado unagongewa mlango uchangie uniti.

Halafu, kwa wale wenye mita yao wenyewe: kodi ya jengo, ile ya serikali, hukatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Hiyo ni ya mwenye nyumba, si yako. Ukiwa unajadili kodi upya ndiyo nafasi ya kuomba akupunguzie, kwa upole.

Hatua ya pili: zidisha kwa 52, gawa kwa 12

Hapa ndipo watu wanapoumia, nami niliumia kabla yenu.

Miaka kadhaa nyuma nilimtafutia kijana chumba Makorora, nyumbani kwa bibi mmoja. Analipa 20,000 kila Jumamosi. Akapata kazi ya mshahara, akaniomba nikamsemee kwa bibi alipe kwa mwezi. Nikaona jambo dogo: 20,000 mara nne, 80,000. Bibi akaitikia. Mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya. Mwezi wa tatu, asubuhi na mapema, bibi yuko mlangoni na daftari lake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na ya leo je?"

Kijana akanipigia. Nikafika na maneno yangu yote ya udalali, bibi akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye ukurasa ambao alikuwa amechora vijistari, kila Jumamosi kistari kimoja. "Hesabu wewe, dalali. Jumamosi za mwezi huu ngapi?" Nikahesabu. Tano. Na yeye kapokea hela ya nne.

Na alikuwa na haki. Mwaka una wiki 52. Kwa 20,000 kila wiki, kijana alikuwa anatoa 1,040,000 kwa mwaka. Mimi kwa hesabu yangu ya haraka nilimfanya atoe 960,000. Elfu themanini nzima ya bibi nimeifuta kwa kusema "mara nne".

Hesabu sahihi ni hii. Kwenye simu andika 20000, zidisha kwa 52, unapata 1,040,000. Gawa kwa 12, unapata 86,666 na ushee. Mkubaliane 86,700 au 86,500, chenji isiwasumbue. Kodi ya 15,000 kwa wiki ni 65,000 kwa mwezi. Ya 25,000 ni 108,300 hivi. Ya 30,000 ni 130,000 kamili.

Huna simu mkononi? Wiki nne na theluthi ya wiki. Elfu ishirini mara nne ni themanini, theluthi ya ishirini ni sita na mia saba hivi. Ndiyo hiyohiyo.

Sasa utaniuliza: kama bibi mwenyewe anakubali mara nne, mimi mpangaji nina haraka gani ya kumzindua? Jibu ni kwamba atazinduka tu, mwezi wa Jumamosi tano, na akizinduka mwenye hasira hatasema 86,700. Atasema mwezi una wiki tano, lete 100,000. Nimeyaona hayo mara nyingi kuliko ya bibi. Laki moja kila mwezi ni 1,200,000 kwa mwaka, yaani unamwongezea 160,000, wiki nane nzima za bure. Ukiwa na hesabu ya 52 mkononi, unajikinga kwa pande zote mbili.

Hatua ya tatu: mwonyeshe kwenye kalenda

Usiende na kikokotoo kwa mtu mzima. Nenda na kalenda ya ukutani, ile ya kupewa dukani, na kalamu nyekundu. Chukua ya 2026. Zungushia kila Jumamosi. Januari, Mei, Agosti na Oktoba zina Jumamosi tano. Miezi minane iliyobaki ina nne nne. Tano mara nne ni ishirini, nne mara nane ni thelathini na mbili: 52. Anaiona kwa macho yake na hana la kubishana, na wewe pia huna.

Mwenye nyumba mwerevu atakwambia mwaka una siku 365, na wiki 52 ni siku 364, siku moja imekwenda wapi? Ni kweli. Ukihesabu kwa siku, 20,000 gawa kwa 7, zidisha 365, gawa 12, inakuja 86,905. Tofauti ni kama 238 kwa mwezi, ambayo mwisho wa mwaka ni kodi ya siku moja. Mpe tu, msigombane. Ila mwaka 2028 kuna jambo: ni mwaka wa siku 366 na unaanza Jumamosi, kwa hiyo una Jumamosi 53. Anayelipa kwa wiki atatoa mara 53.

Na wapo wazee wetu wa mwambao wanaohesabu kwa mwezi mwandamo. Huo una siku 29 au 30, na miezi yake 12 ni siku 354 hivi. Kwao kodi ya mwezi iwe ndogo kidogo, karibu 84,300 kwa mfano wetu, kwa sababu kila mwezi unafika mapema. Muulize mapema anahesabu mwezi gani. Ukimlipa 86,700 kwa mwezi mwandamo, baada ya miaka mitatu utakuwa umelipa mwezi wa ziada bila kujua.

Jihadhari pia na "mwezi" wa siku 28. Mtu anakwambia 80,000 kwa mwezi, unafurahi, kumbe anakuja kila baada ya wiki nne. Hiyo ni mara 13 kwa mwaka, na ni 1,040,000 ileile. Si wizi, lakini umebaki kwenye kodi ya wiki, jina tu ndilo limebadilika.

Hatua ya nne: ziba pengo la siku

Wiki yako haiishii tarehe 30. Tuseme wiki uliyolipia inaisha Ijumaa ya tarehe 26, na mwezi mpya mnataka uanze tarehe mosi. Kuna siku nne katikati: 27, 28, 29 na 30. Watu huzisahau, kisha zinageuka deni la kusutana. Kodi ya siku moja ni 20,000 gawa kwa 7, yaani 2,857. Siku nne ni 11,428. Lipa 11,500, chukua risiti yake peke yake, tarehe mosi anza mwezi.

Hatua ya tano: jiandae na malipo ya kwanza

Kwa wiki ulikuwa unatanguliza 20,000. Kwa mwezi unatanguliza 86,700 kwa mkupuo. Hilo huwazidi wengi, ndiyo maana nashauri uombe mwezi wa kwanza uulipe kwa mafungu mawili. Wenye nyumba wengi hukubali kama umekuwa mlipaji mzuri.

Kama bado kipato chako ni cha wiki au cha siku, weka 20,000 kila Jumamosi pembeni, lakini uwe na akiba ya wiki moja kabla hujaanza. Nimewahi kuipiga hesabu hiyo kwa 2026, ukianza Januari bila akiba na kulipa mwisho wa mwezi: Machi unabaki mkavu, Aprili unapungukiwa 6,667. Mei yenye Jumamosi tano inakuinua, Julai unapungukiwa tena. Kwa mwaka mzima hela inatosha kabisa, ila haiji wakati unaoitaka.

Jambo jingine: ukishataja neno mwezi, mwenye nyumba anaweza kurukia, "basi lete ya miezi sita." Usiogope. Mwambie umeomba mwezi, si miezi. Akishikilia, omba punguzo: hela ya miezi sita mkononi mwake ina faida, na faida hiyo iwe na bei.

Na dalali asikudai kodi ya mwezi mmoja kwa kubadilishiwa utaratibu. Hiyo ni ya kutafutiwa chumba, na chumba tayari unacho. Mpe ya soda.

Hatua ya sita: andikeni

Karatasi moja, nakala mbili, mbele ya mjumbe au shahidi mmoja wa kila upande. Mimi huandika hivi:

"Kuanzia tarehe 1, kodi ya chumba italipwa kwa mwezi badala ya wiki. Kodi ni shilingi 86,700, imepatikana kwa 20,000 mara wiki 52 gawa kwa miezi 12. Kiasi hakibadiliki mwezi uwe na Jumamosi nne au tano. Itatangulizwa kila tarehe 1 hadi 5. Maji na umeme vimo ndani. Siku nne za tarehe 27 hadi 30 zimelipwa, shilingi 11,500."

Ile sentensi ya Jumamosi nne au tano usiiache, hata mjumbe akiona ni maneno mengi. Ndiyo inayokuokoa asubuhi ile mlango unapogongwa.

Kuanzia hapo, kila unapotuma kwa simu, andika na ujumbe mfupi wa kawaida: "Shikamoo bibi, kodi ya mwezi wa kumi, tarehe 1 hadi 31, 86,700." Tarehe zote mbili, ya kuanza na ya kumaliza. Bibi wa Makorora siku hizi anamwomba mjukuu wake amsomee, kisha anachora kistari kimoja kirefu kwenye daftari.